Mdomo umeshonwa, mbona meno yameota ovyo?

Safu ya kinywa na meno. Maswali ya wasomaji yanajibiwa na tabibu wa meno wa Kigoma.

SWALI: Shikamoo mama tabibu. Naishi Ujiji, nauza mawese na migebuka mikavu sokoni. Binti yangu wa kati ana miaka minane, yuko darasa la pili. Alizaliwa na mdomo sungura upande wa kushoto, ufa ukaenda mpaka kwenye kaakaa. Alishonwa mdomo akiwa na miezi mitano, kaakaa akiwa na mwaka na nusu, na kovu lake leo usipolitafuta hulioni. Tulidhani tumemaliza.

Sasa anaota meno ya ukubwani. Jino kubwa la mbele la kushoto limegeuka ubavu na lina doa la kahawia. Pembeni yake, badala ya jino, kuna kijino kama punje ya mchele kilichojitokeza juu kwenye ufizi, na kingine kiko nyuma, kaakaani. Akinywa uji kwa haraka, kidogo hutokea puani. Mama mkwe anasema mtoto ni kigego kwa kuwa meno yake ya kwanza kabisa yaliota juu. Alipokuwa na miezi saba akiharisha, mama huyohuyo alitaka tumpeleke kwa mtu anayetoa meno ya nailoni, nikagoma. Na juzi fundi mmoja wa meno kaniambia nilete hela, ayang'oe yote matatu siku moja ili yaote mengine mazuri. Nifanyeje?
Mama wa Ujiji

JIBU: Marahaba mwanangu. Hela hiyo usiitoe. Naanza na hilo kabla ya maelezo yoyote, maana jino la ukubwani likishatoka halina mwenzake anayesubiri nyuma. Hayo "mengine mazuri" hayapo.

Sasa tuelewane meno haya yamefikaje hapo. Bila shaka umemwona mtu akishona mkeka. Husuka ukili kwanza, mrefu na mwembamba, kisha huushona ubavu kwa ubavu mpaka upana utoshe. Uso wa mtoto tumboni hujiunga karibu hivyohivyo. Kipande kimoja hushuka kutoka puani, vingine viwili huja kutoka mashavuni, vikakutana chini ya matundu ya pua. Mdomo wa juu huwa umeshikana kufikia wiki ya 7 hivi ya mimba. Kaakaa hufuata, nalo hukamilika karibu na wiki ya 12. Upande mmoja ukikosa kushikana, pale hubaki ufa.

Na mshono huo unapita palepale panapoanzia jino la pili kutoka katikati, lile dogo lililo kati ya jino kubwa la mbele na chonge. Vichipukizi vya meno ya utoto huanza kujitokeza karibu na wiki ya 6, wakati uso wenyewe bado unaungana. Kwa hiyo kichipukizi cha jino hilo ndicho kinachoumia kuliko vyote. Kuna watoto ambao jino hilo haliumbiki kabisa. Kuna ambao kichipukizi hugawanyika, wakaota vijino viwili, kimoja upande huu wa ufa na kingine ng'ambo yake. Na kuna wanaoota jino lililodumaa, lenye ncha, ndiyo punje yako ya mchele. Jino kubwa la jirani hukosa mfupa wa kuegemea upande mmoja, likajizungusha kutafuta nafasi. Gamba lake gumu la nje nalo mara nyingi hutoka na kasoro, ndipo unaona doa.

Atakuja mtu akwambie doa hilo limeletwa na maji yenye floridi, kama tunavyoona kwa ndugu zetu wa Arusha. Floridi ikizidi hupaka meno mengi, ya kushoto na ya kulia kwa jozi. La mwanao liko kwenye jino moja tu, lililopakana na ufa.

Kuhusu kigego, zungumza na mama mkwe kwa heshima lakini usimwachie neno hilo limshikie mtoto. Zamu ya meno kutoka huvurugika hata kwa watoto wasio na mpasuko, sembuse huyu. Wapo wenye mpasuko wanaozaliwa na jino tayari limetokeza pembeni ya ufa. Duniani, katika kila watoto 700 hivi wanaozaliwa, mmoja huja na mpasuko wa mdomo, wa kaakaa, au vyote viwili, na mpasuko wa mdomo hupenda upande wa kushoto kuliko wa kulia. Binti yako ni mmoja wa hao. Hajaleta mkosi nyumbani kwa mtu.

Uliposema uligoma kumpeleka kutolewa meno ya nailoni, nilirudia sentensi hiyo mara mbili. Nimeona vinywa vya watoto waliochimbwa fizi kwa spoku ya baiskeli kwa sababu ya kuhara au homa. Kile kiuvimbe cheupe wanachokiita nailoni ni chonge ya utoto inayojiandaa kutoka, na juu yake, ndani ya mfupa, ndipo inapojengwa chonge ya ukubwani. Ukichimba ile ya kwanza unaweza kuiharibu na ya pili. Wewe uliilinda bila kujua, na chonge hiyo ya kushoto ndiyo jino tunalolihitaji kuliko yote katika safari iliyobaki.

Sikiliza kwa nini. Madaktari walishona mdomo, wakashona kaakaa. Katikati yake kuna taya, mfupa wenyewe unaobeba meno, na huo haukushonwa. Ndani ya ufizi bado una ufa, na kwa kawaida uji unaokwenda puani hupita hapo, au kwenye kitundu kilichobaki kaakaani. Upasuaji wa kuujaza upo: huchukuliwa mfupa laini wa ndani ya nyonga ya mtoto mwenyewe, ukashindiliwa kwenye ufa wa taya, na ufizi ukafunikwa juu yake. Wapasuaji wa Marekani, Boyne na Sands, waliandika kuhusu njia hii mwaka 1972, kwa hiyo hakuna atakayekuwa anamjaribia mwanao.

Ila ina majira yake. Hufanyika chonge ya ukubwani ikiwa bado juu, mzizi wake umefika nusu au theluthi mbili ya urefu wake, yaani kwa watoto wengi kati ya miaka 8 na 11. Chonge inaposhuka hupita ndani ya mfupa huo mpya, na mfupa unaopitiwa na jino hupata uhai. Ukiachwa bila jino huyeyuka kidogo kidogo. Kwa watoto wengi chonge ya juu hutoka wakiwa na miaka 11 au 12, na upande wenye ufa huweza kuchelewa zaidi. Binti yako ana miaka minane. Hujachelewa hata siku moja, lakini usikae.

Ngoja nikueleze kwa nini neno "ng'oa" linanishtua. Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa kwenye kituo cha afya kando ya ziwa. Bibi mmoja alikuja na boti ya dagaa, amemleta mjukuu wake wa miaka tisa, kovu la mdomo kama la mwanao, meno mawili ya ziada yamebanana kwenye ufa na la mbele limelala. Bibi alitaka mtoto apendeze kwa ajili ya shule. Nilikuwa na ganzi, nilikuwa na koleo, na nilikuwa na huruma. Niliyang'oa yote matatu na nikajiona nimemsaidia. Miaka sita baadaye nilimpokea tena akiwa binti mkubwa. Pale nilipong'oa, mfupa ulikuwa umesinyaa ukawa mwembamba kama makali ya kisu, na jino lililofuata lilikuwa linacheza kwa kukosa pa kushika. Mpasuaji mmoja aliyepita kwetu alinionyesha kwenye picha, hakunigombeza, alisema tu kwamba vijino vile vibaya ndivyo vilivyokuwa vimeushikilia mfupa. Tangu siku hiyo jino lililo karibu na ufa siligusi kabla ya kuona picha ya taya zima, na kabla ya kuongea na watakaomfanyia mtoto upasuaji.

Vijino vya ziada vya binti yako huenda vikatolewa, lakini viamuliwe na timu itakayojaza mfupa. Mara nyingi hutolewa wiki kadhaa kabla ya upasuaji huo, ufizi upone kwanza. Jino kubwa lililogeuka libaki. Litanyooshwa kwa waya baadaye, na doa litafunikwa kwa dawa ya kuzibia yenye rangi ya jino.

Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni, muulizie daktari wa kinywa na meno, usiridhike kuonwa mlangoni. Eleza tangu alipozaliwa, beba na karatasi zote za upasuaji wa kwanza kama unazo. Omba picha ya eksirei ya taya zima. Katika picha hiyo waangalie kama chonge ya kushoto ipo na mzizi wake umefika wapi. Waangalie pia meno ya nyuma, yale madogo yaliyo kabla ya magego, maana kwa watoto wenye mpasuko hata jino la mbali na ufa, hata la upande usio na ufa, laweza kuwa halikuumbwa, na ni afadhali lijulikane sasa. Kisha omba rufaa ya Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, naijua safari hiyo na uchovu wake. Ndiyo sababu nataka uende na picha mkononi, usitumwe tena kuitafuta ukiwa ugenini. Upasuaji wa mdomo na wa kaakaa hugharamiwa na shirika la hisani la Smile Train katika hospitali inazoshirikiana nazo, kwa hiyo ukifika uliza wazi kama na huu wa mfupa wa taya umo. Usione haya kuuliza.

Huenda wakataka kwanza kuipanua taya ya juu kwa kifaa kidogo kinachokaa kaakaani kwa miezi kadhaa, ikiwa meno ya juu ya kushoto yameingia ndani ya yale ya chini. Usishangae ukiambiwa subiri. Huko nako ni kutibiwa.

Wakati unasubiri, kazi yako ni mswaki. Akina mama wengi huogopa kupiga mswaki kwenye kovu, wakidhani mshono utafumuka. Haufumuki. Mdomo wa juu wenye kovu hubana, kwa hiyo uinue kwa kidole gumba, tumia mswaki mdogo laini, upitishe hadi nyuma ya lile jino lililogeuka, asubuhi na usiku, kwa dawa yenye floridi. Ateme povu, asisukutue sana. Meno yaliyobanana hivi huoza haraka, na jino bovu huweza kuahirisha upasuaji. Soda na pipi za dukani zipungue. Mua autafune mchana pamoja na chakula, asilale nao mdomoni.

Neno moja la pembeni: mwalimu akilalamika kwamba haitikii akiitwa, apimwe masikio. Watoto waliozaliwa na ufa wa kaakaa hujaa maji nyuma ya ngoma ya sikio mara kwa mara, na wengi huitwa wazito wa kuelewa kumbe hawasikii.

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 23, fundi cherehani, Kasulu. Nilizaliwa na mdomo sungura na ufa wa kaakaa, nikashonwa nikiwa na miaka sita, walipokuja madaktari wageni. Habari za mfupa hakuna aliyenieleza. Jino la pili halikuota. Chonge imesogea, lakini bado kuna pengo, na meno ya chini yanatangulia ya juu. Rafiki yangu kawekewa jino la kupandikiza lenye skrubu, nami nalitaka. Au nimechelewa?
Fundi wa Kasulu

JIBU: Marahaba baba. Ile njia nyepesi imekupita, na pole sana, maana ulistahili kuambiwa ukiwa na miaka minane. Njia nyingine zipo.

Jino la skrubu hushika kwenye mfupa. Kwenye ufa wako mfupa haupo, au upo kidogo. Mtu mzima anaweza kujazwa mfupa, ila haushiki vizuri kama kwa mtoto ambaye chonge yake inakuja kuupitia, kwa hiyo lazima upigwe picha kwanza, na anayekuahidi jino hilo bila picha muage kwa adabu. Umri wako kwa jino hilo ni mzuri. Kwa kijana ambaye bado anarefuka tungekataa, kwa sababu skrubu haisogei na taya inayokua.

Lakini iangalie chonge yako iliyosogea, kwa sababu ni zawadi. Kama imekaa karibu na jino la mbele, mtaalamu wa kupanga meno anaweza kuivuta mpaka pengo liishe, kisha ncha yake ikanolewa kidogo na kujengewa kwa dawa ya rangi ya jino, ikafanana na jino la pili. Mimi ningechagua hiyo kuliko skrubu, jino lako mwenyewe lenye mzizi wako. Hela ikiwa kidogo kwa sasa, jino la bandia la kuvua na kuvaa linaziba pengo na laweza kutengenezwa lizibe na kitundu cha kaakaani. Usiku livuliwe na lioshwe. Usikubali meno mazima ya jirani yachongwe na kuvishwa vikofia vya dhahabu ili kushikilia la katikati. Utapoteza mazima kwa ajili ya lisilokuwepo.

Taya yako ya juu kubaki nyuma si ulemavu mpya. Kovu la kaakaa lililoshonwa huibana isikue mbele kama inavyotakiwa. Upasuaji wa kuisogeza upo na hufanyika mtu akishamaliza kukua, kwa hiyo umri unao. Kabla ya kukubali, uliza swali hili: sauti yangu itakuwaje? Taya ya juu ikisogezwa mbele, kwa mtu aliyeshonwa kaakaa hewa yaweza kuanza kuvuja puani wakati wa kuongea. Wakujibu vizuri ndipo uweke sahihi.

SWALI: Mama tabibu, mtoto wetu wa kwanza ana mpasuko wa mdomo na kaakaa. Mume wangu na mimi tunataka mwingine, ndugu wanatutisha. Naye atakuwa hivyo?
Mama Kifungua Mimba, Buhigwe

JIBU: Wazazi ambao hawana mpasuko wenyewe, na wana mtoto mmoja mwenye mpasuko, uwezekano wa anayefuata kuwa nao ni takribani 4 kati ya 100. Yaani 96 hivi huzaliwa bila. Ndugu wakikutisha tena wape hesabu hiyo.

Kuna mambo yaliyo mikononi mwako. Sigara, tumbaku na pombe viachwe kabla ya mimba. Kama unatumia dawa za kifafa usiziache kwa uamuzi wako, nenda kwa daktari wako mapema akupangie, kwa sababu baadhi yake huongeza hatari. Vidonge vya foliki anza kuvitumia kabla hujashika mimba. Ushahidi wake ulio imara ni wa kumkinga mtoto na mgongo wazi, na hiyo pekee inatosha kuvimeza. Ukisubiri siku ya kwanza ya kliniki, mdomo wa mtoto huwa umeshaungana, au umeshakosa kuungana.

Siku atakayozaliwa, mwombe mkunga amwangalie mtoto ndani ya kinywa kwa tochi na kumpapasa kaakaa kwa kidole safi, hata kama mdomo ni mzima. Kaakaa laweza kupasuka peke yake, na mtoto akashindwa kuvuta ziwa huku kila mtu anamlaumu mama kwamba hana maziwa. Ikiwa hivyo, kamua, umnyweshe kwa kikombe kidogo polepole akiwa amekaa wima mapajani.

Na huyo wa kwanza usimsahau. Chukua kadi yake ya kliniki, tazama tarehe ya kuzaliwa, piga hesabu ya mwaka atakaotimiza miaka saba, na uuandike kwa kalamu ya wino juu ya jalada: picha ya taya.